Wasomaji wanauliza: Bendera kwanza au klasi kwanza?

SWALI: Shikamoo mjibu maswali. Mimi na ndugu zangu tumechangishana tunataka kununua meli ya mizigo iliyotumika, ina miaka 19, tani za ujazo kama 1,900, itakuwa inabeba mizigo ya nchi na nchi. Dalali aliyetuletea dili anasema tusiumize kichwa, tumtumie hela atatupatia bendera ndani ya siku mbili kwa intaneti, mambo ya klasi tutayafanya baadaye meli ikishaanza kuingiza. Mjomba wetu ambaye alikuwa fundi injini melini amegoma, anasema hasaini chochote mpaka aone karatasi za klasi. Nani yuko sahihi? Mnunuzi mwenye haraka.

JIBU: Marahaba. Mjomba yuko sahihi, na huyo dalali hata kama siyo tapeli basi anawauzia nusu ya kazi kwa bei ya kazi nzima.

Klasi ni shirika la wataalamu linalokagua meli na kuthibitisha kwamba imejengwa na inatunzwa kwa viwango vyake. Tuanze na bendera. Kwa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari wa 1982, meli ni ya taifa lile ambalo imeruhusiwa kupeperusha bendera yake, na bendera ni moja tu. Ukijifanya unabadilisha bendera kama shati, bandari hii unapandisha hii kule unapandisha ile, unaweza kuhesabiwa huna utaifa kabisa, na meli isiyo na utaifa ikikutwa bahari kuu manowari ya nchi yoyote inaruhusiwa kuipanda na kuikagua. Mkataba huohuo unataka kuwe na uhusiano wa kweli kati ya meli na nchi ila haukusema uhusiano huo unapimwaje, ndo maana kuna nchi zinasajili meli za raia wake tu na kuna nyingine kama Liberia, Panama na Visiwa vya Marshall zinapokea mwenye meli kutoka popote, na hizo tatu ndo zinaongoza duniani kwa tani. Hata nchi isiyogusa bahari ina haki hiyo, Mongolia wanasajili meli na bahari hawana.

Je, bendera ya siku mbili ipo? Ipo. Unaitwa usajili wa muda, wengi wanautoa kwa miezi sita hivi ili mnunuzi aweze kuondoka na meli huku karatasi kamili zinakamilishwa. Kwa hiyo kasi siyo dalili ya utapeli. Lakini siku hizi kuna sajili feki, mtu anafungua tovuti yenye nembo ya serikali fulani anatoa vyeti na serikali yenyewe haina habari, na IMO, shirika la bahari la Umoja wa Mataifa, limekuwa likishughulika na kesi za namna hii kwa miaka sasa. Dalali akikutajia nchi, usitumie namba ya simu anayokupa yeye, tafuteni wenyewe mamlaka ya bahari ya nchi hiyo kupitia kanzidata ya IMO, muwaulize kama wakala huyo wanamtambua. Dakika chache tu hizo.

Sasa tuseme bendera ni halali. Cheti cha usajili peke yake hakiitoi meli gatini! Meli ya ukubwa wenu ikienda nchi nyingine inatakiwa iwe na vyeti vya usalama vya SOLAS, ule mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini (mwili wa meli, vifaa, redio), cheti cha mstari wa upakizi yaani kikomo cha meli kuzama ikipakiwa, cha kuzuia uchafuzi wa mafuta, cha mfumo wa usimamizi wa usalama, cha ulinzi, cha mazingira ya kazi ya mabaharia, cha bima ya mafuta ya injini kwa kuwa mmevuka tani 1,000, na mimi hapo sijamaliza. Karibu vyote vinatolewa kwa jina la nchi ya bendera ila nchi nyingi hazina wakaguzi kila bandari, kwa hiyo kazi ya ukaguzi wameikasimu kwa mashirika ya klasi, yaani mtu utakayemwona anapanda ngazi ya meli na tochi na nyundo ni wa klasi, na anafanya kazi mbili kwa mkupuo, ya klasi yake na ya serikali. Halafu SOLAS yenyewe inataka meli ijengwe na itunzwe kwa kufuata kanuni za shirika la klasi linalotambuliwa na nchi ya bendera, au viwango vya taifa vyenye usalama sawa na hizo. Kwahiyo hiyo "klasi baadaye" ya dalali maana yake ni meli imefungwa kamba gatini, mabaharia wanalipwa, ada za bandari zinahesabu, na mzigo wanabeba wengine. Bima nayo, kampuni za maana haziigusi meli ambayo klasi yake imesimamishwa.

Kitu kilichonishtua zaidi kwenye barua yenu ni hiyo miaka 19. Klasi ina mzunguko wa miaka mitano: ukaguzi wa kila mwaka, wa kati wenye kina kidogo, halafu ule mkubwa wa kuhuisha, na ndani ya hiyo mitano chini ya meli panatakiwa kukaguliwa mara mbili na isipite miezi 36 kati ya mara moja na nyingine. Piga hesabu, meli yenu kama haijawahi kuvuruga ratiba inakaribia ukaguzi mkubwa wa nne, na kadiri meli inavyozeeka ndivyo ukaguzi huo unavyozidi ukali. Inapanda chelezoni, tanki za balasti, yaani za maji ya kuituliza meli, zinafunguliwa watu wanaingia, vyuma vinapimwa unene kwa kifaa cha mawimbi ya sauti kuanzia sitaha mpaka chini, na pleti iliyoliwa na kutu kupita kiwango inakatwa inachomelewa mpya. Shafti ya pangaboi nayo ikiwa zamu yake imefika inachomolewa. Bili ya chuma pekee inaweza kuwatoa jasho, na muuzaji anayeijua tarehe hiyo ndo kwanza anatafuta mnunuzi, si kwa ubaya, ni biashara, ila nyie mjue mnachonunua.

Kwa hiyo kabla hamjalipa hata kianzio ombeni kumbukumbu za klasi, muuzaji awape ruhusa mkazisome kwenye shirika lenyewe na siyo fotokopi ya dalali. Mtazame mambo mawili kwanza: tarehe ya ukaguzi unaofuata, na kama kuna masharti ya klasi ambayo hayajafungwa, yaani kasoro ambayo mkaguzi ameiandika na kutoa muda itengenezwe. Mjomba aende na mkaguzi wenu wa kujitegemea waipande. Wakati huohuo ulizeni bendera mnayoitaka kama inapokea meli ya umri huo, maana nyingi zinadai ukaguzi wa awali kwa meli zilizozeeka na nyingine zinakataa tu, na ulizeni kama inalitambua shirika la klasi lililopo kwenye meli. Unaona sasa jibu la swali lako, siyo hiki kwanza au kile kwanza, vinaulizwa pamoja, ila hela inatoka ya mwisho.

Kinachochelewesha usajili kwa kawaida siyo msajili mpya, ni karatasi za huko meli inakotoka. Msajili mpya anataka hati ya mauzo iliyothibitishwa mbele ya mwanasheria, ushahidi kwamba meli haina rehani, na cheti kwamba imefutwa kwenye daftari la zamani, na daftari la zamani haliifuti meli yenye deni la benki mpaka benki iseme imelipwa. Wekeni kwenye mkataba siku ngapi muuzaji atatoa cheti cha kufutwa na asipotoa inakuwaje. Usajili wa muda ukiisha miezi yake bila hicho cheti mnaanza kuomba omba, na hapo ndo dalali hapokei simu.

SWALI: Kaka, bendera si ndo serikali? Mbona meli inakaguliwa na kampuni binafsi, tena inayolipwa na mwenye meli? Hapo haki iko wapi? Baharia mstaafu.

JIBU: Mzee wangu shikamoo, swali hilo limeulizwa sana hasa baada ya meli ya mafuta Erika kukatika vipande viwili nje ya pwani ya Ufaransa Desemba 1999. Klasi hazikuanzia serikalini. Zilianzia kwa wafanyabiashara wa bima London, kwenye mgahawa wa kahawa uliobeba jina la Edward Lloyd, mwaka 1760 wakaunda chama cha kuandika hali ya kila meli ili ajue mtu anaweka bima kwenye nini. Daftari lao la kwanza liliupa mwili wa meli herufi A, E, I, O au U, A ikiwa nzuri na U ndo mbovu. Bureau Veritas wakafuata 1828, na serikali zilipokuja baadaye kutaka ukaguzi zikakuta wataalamu tayari wapo. Kulipwa na mwenye meli ni udhaifu kweli, sikubishii. Kinachowabana ni kwamba mashirika makubwa yako pamoja kwenye IACS, umoja wa kimataifa wa mashirika ya klasi, tangu 1968, yana kanuni za pamoja, na mwenye meli akihama klasi moja kwenda nyingine kukimbia masharti, masharti yanahama naye. Halafu bandari mnayoingia ina wakaguzi wake wa serikali, wakizuia meli mbovu jina la bendera na la klasi yote yanaandikwa, na yakijirudia meli zote za bendera hiyo zinaanza kukaguliwa mara kwa mara. Inatosha? Siyo kila mara. Ila klasi iliyo nje ya umoja huo yenye bei ya kutupa na mkaguzi ambaye haonekani, hiyo ikimbieni.

SWALI: Meli yetu imebadilishwa jina na bendera. Fundi rangi akaisaga ikafutika ile namba ya IMO akidhani nayo inabadilika. Tuandike ipi? Bosun.

JIBU: Ileile. Namba ya IMO, yaani namba ya utambulisho wa meli yenye tarakimu saba, haibadiliki mpaka meli inakatwa chuma chakavu, ibadilike jina, mmiliki au bendera mara mia. Vinavyobadilika ni jina, bandari ya usajili iliyoandikwa nyuma, ishara ya mwito wa redio na ile MMSI, namba ya kuitambulisha meli kwenye redio, ya tarakimu 9, kwa sababu tarakimu zake 3 za mwanzo ni za nchi. Na siyo rangi tu jamani, namba ya IMO inatakiwa iwe ya kudumu, ya kuinuliwa, kuchongwa au kupigwa kwa patasi ya nukta, ili rangi ikiisha bado isomeke, na ndani ya meli pia iwepo.

Mkiirudisha hakikisheni hamjakosea tarakimu: zidisheni ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 6, hivyo hivyo mpaka ya sita kwa 2, jumlisheni, tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na ya saba. Mfano 9074729 jumla ni 139, mwisho 9, sawa. Namba ikikubali, mjulisheni mkaguzi wa klasi aione ukaguzi ujao, na mumlinganishie na ile rekodi ya historia ya meli inayokaa kwa nahodha.