Solo ni kuitikia

Mwanangu,

Barua yako nimeipata, na rekodi pia. Umeuliza kama wewe ni mpiga gitaa mzuri tu, au unacho kile alichokuwa nacho mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe. Nimeisikiliza mara nne, hadi mama yako akauliza natafuta nini humo.

Kasi unayo, na nyuzi zako zinatoka safi. Lakini tangu unajifunza kwenye lile gitaa bovu la babu yako nilikuambia kuhusu gitaa la kuongoza: solo ni kuitikia.

Ilikuwa 1978, miezi michache kabla ya ajali ya Mombasa iliyomchukua Mbaraka. Mimi, kama ujuavyo, nilikuwa wa ridhim, gitaa la kusindikiza. Jumamosi moja mpiga solo wetu alikwama njiani kutoka Dodoma, nikakabidhiwa solo. Nilipiga, mwanangu! Kwenye chemko, pale wimbo unapopamba moto, watu waliacha bia mezani. Mwimbaji wetu alikuwa ametoka kuugua malaria. Ubeti wa pili sauti ikakauka, maneno yakampotea. Mimi wala sikujua, nilikuwa nashangiliwa. Tulipopumzika akaniambia taratibu, "Ndugu yangu, nilikuwa natafuta pa kushika, ukanipita."

Saa sita usiku mwenye solo yake akafika na vumbi la safari. Wimbo uleule, sauti ikakatika palepale. Yule bwana akaacha yote aliyokuwa akipiga, akashika noti tatu za mwanzo wa mstari unaofuata, akazirudia, akazirudia tena, mpaka mwenzake akaudaka wimbo. Hakuna aliyeshangilia. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwake, na hadi leo nikizikumbuka zile noti tatu, uso unanichoma.

Utasema Mbaraka aliimba mwenyewe na solo akapiga mwenyewe, sasa alimwitikia nani? Na Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, kule Jadotville mwaka 1952 na gitaa moja, kidole gumba na cha shahada? Swali hilo limeninyima usingizi. Labda nimekosea miaka yote hii. Lakini sikiliza tena: gumba la Bosco linasema, shahada inajibu. Mbaraka akimaliza mstari, gitaa linampokea kama limeshikwa na mtu mwingine aliyekuwa akimsikiliza. Hata Dr. Nico, mpiga solo wa Kongo mnayemsifia wepesi wa vidole, nyuma yake alikuwapo kaka yake Dechaud kwenye ridhim. Dechaud hamumtaji. Mimi namtaja.

Hapana, solo ni kuitikia.

Jibu lako basi. Mara mbili kalamu imetaka kuliandika nikaizuia. Kwenye rekodi uko peke yako na midundo ya kompyuta, na midundo hiyo haisahau maneno. Idi ukija, mpigie dada yako ule wimbo wa harusi ya shangazi yenu, ule ambao kila mara humpotea ubeti wa tatu. Nitakaa pale dirishani. Usimwambie.

Baba yako