Barua kwa Mwanangu: Wale Walioitwa Wasio na Mashati

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea, na nimefurahi kuona kwamba masomo yako ya historia yamekufikisha Argentina. Umeniuliza imekuwaje wafuasi wa Juan Perón aliyekuja kuwa rais wa nchi hiyo, watu wazima wenye akili zao, wakakubali kuitwa descamisados, yaani wasio na mashati, jina walilobandikwa na watu waliowadharau. Tena ukauliza kama hiyo si dalili kwamba walikuwa wamepumbazwa. Kwa hilo la kupumbazwa sikubaliani nawe.

Kabla ya kutazama hotuba, tazama mishahara. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1943 Perón, kanali katika serikali ya kijeshi, alishika idara ya kazi, na kupitia ofisi hiyo zikapatikana likizo zenye malipo, mahakama za kazi, na mwaka 1944 sheria ya kuwalinda vibarua wa mashambani. Kwa wafanyakazi wa viwanda vya nyama vya Berisso na Avellaneda, ambao wengi walikuwa wamehamia huko kutoka mikoani kutafuta riziki, ilikuwa ajabu kuona ofisi ya serikali ikimkalisha mwajiri mezani na kumtaka asaini mkataba. Kwa hiyo wanajeshi wenzake walipomkamata Oktoba 1945, watu hawa walijua vizuri ni nini kingeweza kupotea pamoja naye. Tarehe 17 ya mwezi huo waliandamana kuelekea katikati ya Buenos Aires. Madaraja ya mto Riachuelo yalipoinuliwa ili kuwazuia, wengine walivuka kwa mashua, wakaujaza uwanja wa Plaza de Mayo mbele ya ikulu, hadi usiku Perón alipotokea roshanini akiwa ameachiliwa.

Siku hiyo kulikuwa na joto, na baadhi yao walivua makoti na kutumbukiza miguu katika chemchemi za uwanja. Wenye mji, waliozoea kuwaona wanaume wa katikati ya jiji wakiwa na koti na tai, walichukizwa, na wapinzani wakawaita wasio na mashati. Hapo ndipo penye jibu lako, mwanangu. Mfanyakazi aliyesikia jina lile alielewa kwamba linalodharauliwa si chaguo lake la kisiasa, bali jasho lake, mavazi yake na kule alikotoka. Na mtu aliyetukanwa hivyo humfuata yule anayemwambia kwamba hana sababu ya kuona haya. Naamini waliomdhihaki walimfanyia Perón kampeni kubwa kuliko aliyoweza kujifanyia mwenyewe. Treni yake ya kampeni ilipewa jina hilohilo, na Februari 1946 akashinda urais. Mkewe, Eva, akawa akiwaita katika hotuba zake descamisados wangu.

Linalonihuzunisha ni jinsi jina la wafanyakazi lilivyogeuka kuwa mali ya kiongozi. Cipriano Reyes, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa nyama huko Berisso, alikuwa miongoni mwa waliowaingiza watu barabarani tarehe 17, na Chama cha Leba alichokiunda na wenzake ndicho kilichombeba Perón katika uchaguzi. Mwaka huohuo wa uchaguzi, 1946, Perón aliagiza chama hicho kivunjwe. Reyes alikataa, mwaka 1948 akakamatwa kwa tuhuma za njama ya kumuua rais, na akabaki gerezani hadi serikali ilipopinduliwa mwaka 1955. Wakati huo tarehe 17 Oktoba ilikuwa ikiadhimishwa kuwa Siku ya Uaminifu, nawe unaona uaminifu huo ulikuwa kwa nani.

Waliompindua nao hawakujifunza. Mwaka 1956 walipiga marufuku hata kulitaja jina la Perón na kuonyesha picha zake, wakaurudia ule ufidhuli wa mwanzo kwa nguvu ya sheria, naye akarudi madarakani kwa kura mwaka 1973.

Basi katika insha yako, nakusihi, usiandike kwamba walipumbazwa. Andika walichopata, andika waliitwaje na nani, kisha mpe Reyes nafasi ya kutosha, kwa sababu yeye alikuwa mmoja wao na alithubutu kusema hapana. Ukimaliza nitumie nakala, nami nitaisoma kwa makini.

Wako akupendaye,
Baba