Kabla hujahamisha tovuti ya biashara, nakili kila mstari wa DNS

Mtu akihamisha duka lake kutoka Mwanga kwenda Kibirizi, sanduku lake la posta halihami. Wateja watamfuata dukani alikohamia, na barua zitaendelea kuingia S.L.P. ileile. Laiti ningeliwaza hivyo siku ile, nisingemkosesha mama mmoja mnunuzi wake.

Mama huyu anauza dagaa na mawese hapa Kigoma. Alikuwa na kikoa, yaani jina lake la mtandaoni, kinachoishia na .co.tz, na kwa kikoa hichohicho alikuwa na barua pepe ya kazi aliyowapa wanunuzi wa jumla. Tovuti ilikuwa inafunguka kwa taabu, tukakubaliana niihamishie kampuni nyingine ya kuhifadhi tovuti. Barua pepe haikuwa na shida yoyote, ibaki ilipo. Kampuni mpya ikanitumia maelekezo ya sentensi moja: badilisha seva za majina ziwe hizi mbili. Nikabadilisha Ijumaa jioni. Usiku tovuti ikafunguka vizuri, tena na kikufuli chake pale juu. Nikampigia mama, akafurahi.

Jumanne akanipigia yeye. Mnunuzi wake wa Dar es Salaam alikuwa amemuuliza, "Mama, umefunga biashara? Barua zangu zinarudi." Mzigo alikuwa ameshauchukua kwa mtu mwingine.

Kilichotokea ni hiki. DNS ni mfumo unaoonyesha jina la kikoa linaelekea wapi. Humo kila kikoa kina daftari lake, na seva za majina ndizo zinazolishika. Mstari wa A unataja anwani ya IP ya tovuti, yaani namba ya seva ilipo. CNAME unasema jina hili ni lakabu ya jina lile. MX unasema barua zipelekwe wapi. TXT hubeba maneno ya uthibitisho. Ukibadilisha seva za majina, hujarekebisha mstari mmoja. Umeweka kando daftari zima na kufungua jingine. Daftari jipya la mama lilikuja na MX yake, ikielekeza barua kwenye seva ya tovuti, ambako yeye hakuwa na sanduku. Ndiyo maana barua zilirudi.

Kwa hiyo, kama unahamisha tovuti peke yake, seva za majina usiziguse. Ingia kwenye daftari lilipo sasa, badilisha mstari wa A na ule wa www, basi. Kampuni nyingi hupenda uhamishe seva za majina kwa sababu kwao ni kazi nyepesi, na kwa kikoa kipya kisicho na kitu ndani ni sawa kabisa. Kwa biashara inayopokea oda kwa barua pepe, mimi sikubali tena.

Ikilazimu kuzihamisha, fungua paneli ya zamani, yaani ukurasa wa kusimamia daftari, na unakili kila mstari, hata ule usiouelewa. Piga na picha za skrini. Andika yote kwenye daftari jipya kwanza, hakiki, ndipo ubadilishe seva za majina. Mimi nilirudi kwenye paneli ya zamani, bahati ilikuwa haijafungwa, nikachukua MX na kuirudisha. Barua zikaanza kuingia. Lakini za mama kwenda kwa wateja zikawa zinaangukia kwenye taka, kwa sababu nilikuwa nimesahau mistari ya TXT: SPF inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake, na DKIM yenye ufunguo wa kuhakiki sahihi ya kila barua. SPF inatakiwa iwe mstari mmoja tu. Kama tayari ipo inayoanza na v=spf1 na kampuni nyingine inakuambia uongeze yake, ziunganishe ndani ya mstari huohuo; ukiacha miwili, ukaguzi unashindwa.

Kosa jingine nimeliona kwa vijana wengi ninaowasaidia. Kwenye kisanduku cha jina, wanaandika jina zima. Paneli nyingi huongeza kikoa zenyewe, kwa hiyo ukiandika www.mfano.co.tz unapata www.mfano.co.tz.mfano.co.tz, na tovuti haifunguki hata ungoje wiki. Andika www peke yake. Kwa kikoa chenyewe, weka alama ya @. Na hapo kwenye @ tumia A, usiweke CNAME ya kawaida, kwa sababu CNAME haikai pamoja na mistari mingine ya jina hilohilo, na @ lazima iwe na NS na SOA, mistari ya lazima ya daftari lenyewe.

Kuhusu kusubiri: kila mstari una TTL, muda ambao seva za watu wengine zinaruhusiwa kukumbuka jibu la zamani. 86400 ni sekunde za siku nzima. Siku moja au mbili kabla ya kuhama, ishushe iwe 300, yaani dakika 5. Ukiishusha saa ileile ya kuhama haisaidii, maana waliokwisha kulichukua jibu la zamani wanalo kwa muda wa zamani. Ndiyo maana simu yako yenye bando inaweza kuonyesha tovuti mpya huku kompyuta ya ofisini bado inaonyesha ya zamani. Usikimbilie kubadilisha tena. Kwenye dirisha la amri la kompyuta, andika nslookup -type=mx na jina la kikoa, usome jibu.

Wakati wa kuhama nao una maana yake. Tulipohama mara ya pili, mama mwenyewe ndiye aliyepanga: tufanye kwenye mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi mingi inabaki ufukweni na oda zinapungua. Tukahama siku hizo, kwa mstari mmoja wa A. Kabla sijaondoka kwake nilimtumia barua kutoka anwani yangu, akaijibu, nikasubiri hadi jibu lake likafika kwenye kikasha changu.

Tukamalizia na jambo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza: kikoa kilikuwa kimesajiliwa kwa jina la fundi aliyemtengenezea tovuti miaka ya nyuma. Tumekihamishia kwa jina lake, kwa simu yake, na tarehe ya kulipia ameiandika kwenye kalenda iliyo juu ya mzani.