I Zw 18 si galaksi changa

Hapana mkuu, hii galaksi ndogo unayodai ni changa ni kongwe, ingawa oksijeni yake ni kama asilimia 3 tu ya ile ya Jua, uhaba unaofanya ionekane changa. Ule umri wa "miaka milioni 500" unaosambazwa ni dai la 2004, majitu mekundu yake (nyota zilizozeeka na kuvimba) yalipokuwa hayajaonekana. Data za darubini ya angani Hubble zilizochapishwa 2007 ziliyaonyesha, na nyota haifiki hatua hiyo kabla ya miaka bilioni 1 hivi. Ila usisome umri kwa rangi peke yake: metali (elementi nzito kuliko heliamu) zikipungua nyota huelekea bluu, ukitumia modeli ya metali nyingi utaipa umri mdogo. Nyota zake za kwanza ni za lini hasa? Bado haijulikani: kwa umbali wa miaka nuru milioni 59, nyota kongwe za mfuatano mkuu (zinazoendelea kuunguza hidrojeni kwenye kiini) ni hafifu mno kupimwa. Darubini ya kibarazani hapa Dar ndiyo kabisa, usihangaike.