Maswali na Majibu: Kutegea Saa za Kazi

Nina duka la vifaa vya umeme Luthuli Avenue, nikisaidiwa na vijana watatu. Alasiri wateja wakipungua, wote huinamia simu, na mmoja wao najua anabeti. Mwezi uliopita nilimkata mshahara wa saa mbili, na mwenzangu anasema nimevunja sheria. Ni kweli?

Ni kweli, na ni vyema umrudishie fedha zake kabla hajafika kwa afisa wa leba. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kimeorodhesha makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kuyafanya, na kuhusu utoro kinasema unaweza kukata kiasi kisichozidi mshahara wa siku moja kwa kila siku ambayo mfanyakazi amekosekana kutwa nzima bila ruhusa wala sababu halali. Kijana aliyesimama nyuma ya kaunta akitazama simu yupo kazini, hata kama akili yake iko kwenye mkeka wa mechi za jioni. Kosa lake ni uzembe, na uzembe huo uutolee onyo kwa barua.

Hata hivyo, saa ambazo mteja hayupo hazikuletwa na vijana hao. Likague duka lako saa tisa alasiri na huenda ukakuta soketi zisizoandikwa bei, nyaya zilizovurugika kwenye karatasi zake, na maboksi ya balbu yaliyoshushwa juzi ambayo hakuna aliyeyahesabu, kwa kuwa kazi ya watu watatu isiyo na mwenyewe huishia kutofanywa na yeyote. Mpe kila mmoja rafu zake, umwambie utazikagua saa ngapi, kisha ukiridhika umwachie simu yake. Kwa yule anayebeti, mimi ningehofia zaidi fedha kuliko dakika: linganisheni kila jioni, mbele ya wote watatu, malipo yaliyoingia kwa M-Pesa na daftari la mauzo, kwa maana mtu anayejaribu kurudisha alichopoteza hukopa popote mkono wake unapofika.

Mmoja wa maafisa ninaowasimamia Upper Hill hutundika koti kitini, huacha kompyuta ikiwaka, kisha hutoweka hadi jioni. Naweza kumfuta papo hapo?

Hilo koti Nairobi nzima inalijua, na kuna ofisi ambamo limetumikia miaka mingi kuliko mwenyewe. Kifungu cha 44 cha sheria hiyohiyo kinahesabu kutokuwepo kazini bila ruhusa, pamoja na kupuuza kazi kwa makusudi, miongoni mwa makosa makubwa yanayoweza kumfanya mtu aachishwe kazi bila ilani. Wengi husoma hadi hapo na kufunga kitabu, na ndipo wanapoponzeka, kwani kifungu cha 41 kinakutaka, hata kwa kosa kubwa namna hiyo, umweleze tuhuma zake kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe, na usikilize utetezi wake kabla ya kuamua.

Kwa hiyo anza na barua ya kumtaka ajieleze, yenye tarehe na saa mahususi ambazo alitafutwa akakosekana, na ikiwezekana jina la mteja au faili iliyokwama kwa sababu hiyo. Neno kama "mara nyingi" halitakusaidia mbele ya hakimu. Ukiruka hatua hizi, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaweza kukuamuru umlipe fidia inayofika hadi mshahara wa miezi 12, hata kama kila mtu katika jengo hilo anajua alikuwa mtoro. Nawe pia jiandae kujibu swali moja chungu: ikiwa koti lilishika nafasi yake kwa miezi kadhaa bila kazi yoyote kukwama, alikuwa amepangiwa kazi gani?

Tunafungasha bidhaa katika ghala moja Industrial Area. Mwajiri ameweka kamera, na sasa anataka tuweke programu katika simu zetu wenyewe ili ajue tulipo. Tukatae?

Kamera juu ya meza ya kufungashia anaweza kuiweka, mradi amewajulisha ipo na ni ya nini. Chooni na mnapobadilishia nguo haina nafasi. Simu ni mali yenu. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, idhini hutolewa kwa hiari, na idhini ya mtu anayeogopa kufutwa ni vigumu kuiita hiari. Mwombeni kwa maandishi aeleze sababu zake, na akishikilia, pelekeni malalamiko katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Nimerejea kazini Westlands baada ya likizo ya uzazi. Nikienda kukamua maziwa, wenzangu hunung'unika kwamba natega.

Hutegi, dada. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakupa muda huo juu ya mapumziko ya kawaida ya chakula, usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mwendo wa kwenda na kurudi ukiwemo, na unahesabiwa kuwa ni saa za kazi. Mwombe msimamizi wako awaeleze wenzako yeye mwenyewe.

Ninasimamia mjengo Kasarani. Nikiondoka, vibarua huketi. Niwalipe kwa siku au kwa kipimo?

Plasta na matofali vinapimika, kwa hiyo unaweza kulipa kwa mita, ila ukague kwa timazi kabla ya kulipa, maana fundi anayekimbiza mita huacha ukuta uliopinda. Kuchimba mahali penye mwamba au kubeba vifaa orofani, lipa kwa siku. Kabla ya kubadilisha lolote, mpe nyapara daftari aandike kwa wiki mbili kila saa kazi iliposimama na sababu yake, kwani huenda ukagundua waliketi wakisubiri saruji uliyochelewa kuagiza, au maji ya bauza, lile lori la maji. Na kibarua aliyekufanyia kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mzima, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinamhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi, kwa hiyo usimwambie tu asije kesho.