Kabla ya kubeba mtungi wa ruzuku, chemsha mbaazi kwanza

Kwa miezi mitano mtungi wangu wa gesi wa kilo 6 ulikuwa kigoda. Niliununua kwa nusu bei kipindi kile REA, Wakala wa Nishati Vijijini, walipokuwa wakitoa ruzuku ya asilimia 50, nikarudi nao Chikongola kwa bodaboda nimeukumbatia kama mtoto mchanga. Wiki tatu baadaye ukaisha. Kuujaza ilikuwa 25,000, na asubuhi hiyo mfukoni nilikuwa na 4,000. Nikanunua mkaa. Mtungi ukabaki jikoni, mdogo wangu akiukalia kuchambua mchele.

Mimi nauza mbaazi na maandazi asubuhi hapa Mtwara mjini. Ninayoandika ni ya jikoni, ila yanagusa sera, kwa sababu sera hizo ndizo zinazotufuata jikoni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Lengo ni zuri. Mkaa haumalizi ubaya wake kwa kukata mti. Ndani ya tanuri la udongo kuni zinaungua kwa hewa kidogo, zinatoa hewa ukaa na methane kabla gunia halijafika sokoni. Ugomvi wangu uko kwenye kuhesabu. Mtungi wangu ulihesabiwa siku ulipotolewa. Hakuna aliyerudi kuhesabu masufuria.

Basi nikahesabu mwenyewe, na nakushauri ufanye hivyo kabla hujapokea kifaa chochote cha bei ya chini. Chukua chakula kimoja unachopika kila siku. Mimi nilichukua kilo moja ya mbaazi kavu, nazilowesha usiku kucha. Kwa mkaa zinakula 1,500 mpaka zilainike. Kwa gesi, mtungi mmoja ulitoa masufuria 21, maana yake karibu 1,200 kila sufuria. Nikashtuka. Kumbe miezi yote mitano nilikuwa nanunua kilicho ghali! Ila mkaa unauzwa kwa kopo, na gesi inataka 25,000 kwa mkupuo. Sisi wa biashara ndogo hatuna mkupuo.

Dawa niliyoipata ni kibubu. Kila nikishusha sufuria natumbukiza 1,200, hata kama wateja walikopa. Gesi ikiisha, pesa ipo. Ningekuwa mshauri wa wakubwa ningesema ruzuku ingehamia kwenye kujaza, au gesi iuzwe kwa mita, mtu alipie ya 1,000 anapoipata. Lakini sijaulizwa.

Kisha nikaingia kwenye umeme, na hapa naomba usikilize vizuri. Kwa pesa ya kikoba nilinunua presha kuka ya umeme. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, kama askari wa zamu: zimebaki uniti 31.6. Nikafunga mfuniko, nikaenda kukanda unga wa maandazi. Mbaazi zilipoiva LUKU ilisoma 31.0. Pointi sita, hata uniti moja haikufika! Aliye kundi la D1, yaani mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa kama shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi. Sufuria yangu ilikula shilingi 73. Hata aliye T1, kundi la wanaotumia zaidi ya hapo, anayelipa karibu 356 kwa uniti, sufuria hiyo haimfikishi 220.

Kujua uko kundi gani, nunua umeme wa 1,000. Ukipata uniti 8 na kitu, uko D1. Ukipata 2 na kitu, uko T1. Usipime kwa manunuzi ya kwanza ya mwezi, kwa sababu hapo kodi ya jengo inakatwa, utapiga kelele bure.

Wapangaji wenzangu, hili ni letu. Nyumba ya vyumba sita yenye mita moja inavuka 75 kabla mwezi haujafika katikati, na kinachozidi kinatozwa bei ya juu. Bei ile iliwekwa kumlinda mnyonge, na mnyonge anayechangia mita ndiye haimfikii. Mwombe mwenye nyumba mkubaliane kila mmoja awe na mita yake. Wa kwangu alinizungusha mwaka mzima. Nilipojitolea kulipia mwenyewe, akakubali siku hiyo hiyo.

Watu huniuliza: gesi iko hapa Msimbati, mkoani kwetu, tangu 1982 inajulikana ipo, mbona mtungi unatoka Dar? Ni gesi mbili tofauti. Ya mtungi inaletwa na meli kutoka nje, inageuka kimiminika kwa mgandamizo mdogo. Ya Mnazi Bay, yaani hiyo ya Msimbati, ni methane, mtungi wa kawaida hauiwezi, inataka bomba. Bomba kubwa lilizinduliwa 2015 kuipeleka Dar, nasi huku inatufikia zaidi ikiwa umeme. Nililielewa hili Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya kutoka Dar pale Somanga, mkoani Lindi. Malori hayakupita, na mtaani kwetu mitungi ikaadimika. Kwa hiyo usitupe jiko lako la mkaa. Liweke uvunguni.

Kuna na hawa wanaopita na majiko banifu ya bei ya kutupa. Jiko zuri haliuzwi kwa bei ya sahani bila sababu. Wengine wanafidiwa kwa biashara ya kaboni: kampuni ya nje inanunua hewa ukaa ambayo wewe, kwa maandishi, umeizuia. Si haramu, na Tanzania ina kanuni za biashara hiyo tangu 2022. Lakini soma unachosaini, uliza nani anauza nini kwa jina lako, na likiharibika nani analitengeneza. Mimi nililonalo lilipasuka udongo mwezi wa pili, na namba niliyopewa haipatikani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichambua miradi ya majiko wakachapisha 2024 kwamba upunguzaji uliouzwa ulizidi ule halisi karibu mara 9. Sikushangaa. Mimi nilikuwa na mtungi unaokaliwa.

Shangazi yangu wa Newala alikuja mwezi uliopita, nikamwekea mbaazi za umeme bila kumwambia. Akala, akanyamaza, akaongeza.

"Umezitoa wapi hizi, mwanangu? Hazina moshi."

Nikamwonyesha presha kuka. Akaizunguka mara mbili, akauliza kama inaweza kuchemsha mihogo. Tulijaribu jioni ile ile: pointi tatu.