Uliza Fundi: Drili ya Betri na Kuta za Mombasa

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Tumehamia fleti ya ghorofa ya pili huku Tudor, nami nimechoka kumsubiri fundi kila ninapotaka kufunga rafu au pazia. Dukani nilionyeshwa drili za betri za volti 12, 18 na 20, na muuzaji akanihimiza nichukue ya 20 kwa kuwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Je, ni kweli? Na je, itatoboa ukuta wa juu ya dirisha? — Mama wa watoto wawili, Tudor

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Muuzaji hakukudanganya, ila hakukueleza yote. Betri ya drili ni seli kadhaa za lithiamu zilizoungwa pamoja, na kila seli huhesabiwa kuwa ya volti 3.6, ingawa inapotoka tu kwenye chaja hupanda hadi volti 4 na kidogo. Seli tano zikifuatana, kampuni moja huhesabu wastani ikaandika 18, nyingine huhesabu kilele ikaandika 20, na betri ni ile ile. Hata hiyo ya 12 ina seli tatu, na wengine huiandika 10.8. Kwa hiyo mbele yako hapana drili tatu; zipo mbili tu, ndogo na kubwa.

Ndogo ni nyepesi, inaingia ndani ya kabati bila kukuchosha mkono, nayo inatosha kabisa kwa bawaba, vitasa, vitanda vya kuunganisha na rafu zinazofungwa kwenye mbao. Kubwa inafaa ukikusudia kutoboa ukuta mara kwa mara. Kabla ya kulipa, soma kwenye boksi nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa newton-mita: nyingi za volti 12 zina kama 30, na za volti 18 huanzia hapo kwenda 50 na zaidi. Zile ampea-saa, 2 au 4, hukuambia betri itadumu muda gani kabla ya kurudi kwenye chaja, na jinsi zinavyoongezeka ndivyo mkono unavyobeba uzito. Hakikisha pia drili ina gia mbili, kwa maana skrubu hufungwa kwa mwendo wa pole wenye nguvu, na tundu hutobolewa kwa mwendo wa kasi.

Sasa tuje kwenye dirisha, kwani hapo ndipo wengi huilaumu drili bure. Ukuta wa fleti yako huenda ni wa mawe ya kuchonga au bloku, lakini juu ya dirisha pamelazwa linta, yaani boriti ya zege yenye nondo ndani yake, na katika fleti nyingi linta hiyo huzunguka nyumba nzima kama mkanda. Drili ya betri ya nyumbani, hata ile yenye alama ya nyundo, yaani inayoweza kugonga huku ikizunguka, ikifika hapo hupiga kelele, biti hupata moto mpaka ncha yake ikabadilika rangi, na ukichungulia tundu unakuta halijazidi kina cha ukucha. Usiegemee kwa mwili mzima ukidhani ni unyonge wako. Mwite fundi mwenye mashine ya kugonga kwa pistoni, ile ambayo biti zake zina mifereji kwenye shina na huitwa SDS, na umwambie akutobolee matundu manne kwenye linta kisha akufungie ubao mmoja mrefu wa mbao ngumu. Kazi hiyo haifiki saa moja. Kuanzia siku hiyo kila pazia utalifunga wewe mwenyewe kwenye ubao, kwa ile drili ndogo, na ukibadilisha mapazia kila Idi hutamhitaji mtu.

Kwingineko ukutani, vumbi litakupa habari. Likitoka jeupe na laini kama chaki, uko kwenye jiwe la matumbawe. Toboa bila nyundo. Likitoka la kijivu na biti inasitasita, uko kwenye simenti, washa nyundo. Zungushia biti kipande cha utepe kuonyesha kina unachotaka, usije ukatokea kwa jirani. Usitoboe kabisa mahali palipo sambamba na swichi au soketi, juu yake, chini yake au ubavuni mwake, kwa sababu nyaya hupita humo zikiwa zimefukiwa ndani ya plasta. Na kabla ya kushika drili, kaza mtandio na uzichomeke ncha za leso, kwani mdomo wa drili ukinasa kitambaa hauachi kuzunguka mpaka uachie kitufe, na mtu aliyeshtuka huwa ndiyo kwanza anakaza kidole.

SWALI: Mzee wangu, shikamoo. Mlango wetu wa Mji wa Kale ni wa mvule, wa tangu enzi za babu. Nilinunua impakti ili nifunge bawaba mpya kwa skrubu za shaba ya manjano, na tatu zikakatika vichwa mfululizo. Nikihamia ukutani, plasta inabomoka na plagi za plastiki zinazunguka ndani ya tundu. Nakosea wapi? — Kijana wa Mji wa Kale

JIBU: Marahaba, mwanangu. Iweke hiyo impakti kando kwanza. Si mashine mbaya, na kwa skrubu ndefu za chuma kwenye paa sina inayoishinda, lakini kazi yake ni kuzungusha huku inapiga, maelfu ya mapigo kwa dakika, na shaba ya manjano ni laini. Mvule uliokauka kwa miaka mingi hauipishi skrubu. Kati ya viwili hivyo, kinachokubali kushindwa ni skrubu.

Chukua drili ya kawaida na utoboe njia kwanza. Biti ya saizi sahihi utaijua hivi: ishike mbele ya skrubu, jicho moja ukiwa umelifumba, na biti iufiche mwili wa skrubu wote huku meno yakionekana yakichomoza pande mbili. Toboa kina sawa na urefu wa skrubu. Kisha tafuta skrubu ya chuma yenye saizi ile ile, iingize mpaka mwisho, uitoe. Hiyo ndiyo itakayochonga njia ya meno ndani ya mti. Baada ya hapo paka skrubu ya shaba nta ya mshumaa. Wapo wanaotumia sabuni, nami nilifanya hivyo ujanani, lakini sabuni huvuta unyevu, na unyevu wa Mombasa hauhitaji kuvutwa. Weka klachi ya drili, ile pete yenye namba nyuma ya mdomo, kwenye 3 au 4. Ikianza kutoa mlio wa tra-tra na kuacha kuzungusha, simama na umalizie robo ya mwisho kwa bisibisi ya mkono. Utasikia kwenye kiganja skrubu inapokaa, jambo ambalo mota haiwezi kukuambia.

Tazama pia kichwa cha skrubu. Si kila msalaba ni mmoja: ukiona mistari midogo minne kati ya mikono ya msalaba, hiyo ni Pozidriv, na ncha ya kawaida ya nyota, yaani Phillips, itaruka na kuila. Namba 2 ndiyo utakayoihitaji mara nyingi kwa aina zote mbili.

Kuhusu ukuta, jiwe la matumbawe halina udhaifu unaoudhania. Fort Jesus, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, ni ya jiwe hilo hilo na bado inatazama bahari. Kinachobomoka ni plasta ya chokaa iliyo juu yake, ambayo katika nyumba zenu inaweza kuwa nene kuliko plagi yenyewe, hivyo plagi yako inakaa yote ndani ya chokaa bila kugusa jiwe. Zima nyundo, anza kwa biti nyembamba na mwendo wa pole, uipanue kidogo kidogo, upulize vumbi lote, halafu utumie plagi ndefu itakayoivuka plasta na kushika jiwe. Kwa vitu vya nje vinavyopigwa na upepo wa bahari, usinunue skrubu zile za rangi ya dhahabu, kwani zitatiririsha kutu ukutani mapema sana. Tafuta stenlesi, na ikiwezekana ile ya daraja la 316, inayovumilia chumvi kuliko 304.

SWALI: Fundi, stima hukatika mara kwa mara huku Likoni, kwa hiyo naacha betri kwenye chaja usiku kucha nisije nikakosa. Mchana drili hukaa kwenye buti ya gari. Betri haina hata miaka miwili na inaisha upesi. Niliambiwa niwe naimaliza kabisa kabla ya kuichaji. — Mpangaji, Likoni

JIBU: Usiku kucha si tatizo kubwa, kwa kuwa chaja nzuri hujizima betri ikijaa. Mwizi wako ni buti ya gari. Gari lililosimama juani foleni ya feri hupata joto ambalo seli za lithiamu hazilipendi, na madhara yake hayarudi nyuma. Drili ikae ndani ya nyumba, kivulini. Ukitoka kazini na betri iko moto, iache ipoe kabla ya kuichaji. Chaja nyingi zenyewe hukataa kuanza mpaka ipoe, na watu hudhani zimeharibika. Ushauri wa kuimaliza kabisa ulizifaa betri za zamani za nikeli na kadimiamu, wala usiufuate kwa lithiamu. Ukijua hutaitumia mwezi mzima, iache na chaji ya nusu hivi. Na ikivimba, usiichaji tena hata mara moja.

SWALI: Nimeona drili ya mtumba ya jina kubwa kwa bei ya kutupa, betri na chaja juu yake. Ninunue? — Msomaji, Kisauni

JIBU: Pindua chaja kwanza usome maandishi ya chini. Mimi niliwahi kununua moja iliyotoka Marekani, muuzaji akanipa na adapta ya plagi kama zawadi. Nilipoichomeka ilitoa moshi kabla sijaondoa mkono, kwa sababu ilikuwa ya volti 120 na stima yetu ni ya 240. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu. Zinazotoka Uingereza nazo uzitazame, kwani vifaa vya maeneo ya ujenzi kule hutumia volti 110 na plagi nene ya manjano. Chaja ikiwa imeandikwa 100–240V, haina neno. Ikiwa haikuandikwa hivyo, ulizia dukani bei ya chaja mpya na betri mpya ya aina hiyo, uzijumlishe na bei ya mtumba, kisha uende ukaulize drili mpya inauzwaje.